Plaketi za Mujomba Zenye Hazikuishaga

Mujomba yangu, kaka ya mama, alikuwa anatembeaga na rozari mu mufuko ya kuume na plaketi ya feri, ile breki ya gari, mu mufuko ya kushoto. Siongopi. Ile plaketi ilikuwa ya kuonyesha watu. Unaingia mu duka yake ya vitenge kule Mbugangari, umekuja kununulia bibi yako kitambaa, yeye anakuambia: "Ngoja kwanza. Unaona hii?" Anaitosha mu mufuko, anakuwekea mu mukono. Kipande ya chuma, kubwa sawa kiganja ya mutoto, na ku upande moja kuna kitu nyeusi kimebaki kidogo, chembamba sawa biskuti yenye panya imelamba.

"Hii ilikuwa ya karito, ilitoka mu boksi mupya kabisa," anasema. "Miezi mbili, kwisha! Sasa enda uangalie zangu za leo. Mwaka muzima ziko ku gari, na ziko vile vile."

Mutu anaitika, "Eee, patron, hongera." Na mi, mwenye nilikuwa naendesha ile gari, mwenye muguu yangu njo ilikuwa inakanyaga ile feri kila siku, nasimama kando nauma meno.

Mi nilisoma primaire tu, na mwaka ya tano niliipenda nikaisoma mara mbili. Basi nitaeleza vile nilielewa. Ndani ya gurudumu ya mbele kuna sahani ya chuma, inazunguka pamoja na pine. Njo disiki. Plaketi ziko mbili, moja huku, moja kule, zinakamata disiki sawa vile unakamata sahani ya moto na vidole. Ukikanyaga feri, zinafinya, gari inasimama. Na kila mara zinafinya, kuna kitu kinakulika. Haiwezekane kisikulike. Inapaswa kuwa plaketi, juu plaketi ilitengenezwa ili ikufe mbele ya wengine. Ukiona plaketi haikuliki, uulize basi nani anakulika.

Mujomba hakuulizaga.

Gari ilikuwa kagari ka Wajapani, nyeupe, yenye umri yake hakuna mutu aliijua. Tulikuwa tunafanya taksi kati ya Gisenyi na Mahoko, ile wakati barabara ilianza tena kupitika bila roho kuruka. Siku ya soko ya Mahoko ndani kunaingia watu saba, na kuku, na mashu, zile kabichi, na mutoto wa mutu mwenye anapanda juu ya mutu mwenye hamujue. Kupanda ilikuwa kazi ya moteri, ile injini. Lakini kutoka Nyundo barabara inainama, inashuka, inashuka mpaka mujini, na hapo njo ilikuwa kazi ya feri, juu mujomba alikuwa na dini yake ya tatu, nyuma ya Kanisa na vitenge: kushuka rulibre.

Rulibre maana yake unafika ku kichwa ya mulima, unazima moteri, unatosha vitesi, ile gia, na gari inashuka yenyewe sawa mawe. Essence, mafuta ya gari, haikuliki ata tone. Madereva wote wa ile barabara walikuwa wanafanya vile, na mwenye hafanyi wanamuita mutoto wa minisitiri. Mi pia nilifanya, sitajitakasa hapa. Lakini wengine walikuwa wanazima ku kipande kidogo chenye kinainama pole. Mujomba alitaka kutoka Nyundo mpaka nyumba za kwanza za muji. Akipanda mbele, ata haniambie. Ananyoosha mukono, anazungusha ufunguo, kriik, kimya. Unasikia upepo na kuku.

Kushuka vile, muguu iko ku feri wakati yote. Disiki inakuwa moto, plaketi inakulika sawa sabuni. Njo maana zile za karito zilikuwa zinaisha miezi mbili. Mi nikamuambia, "Mujomba, tushuke na vitesi ya pili, moteri itatushikilia, plaketi zitakaa."

Akaniangalia sawa vile unaangalia mutu mwenye ameomba nyama ku Ijumaa Kuu.

"Na essence?"

"Essence kidogo tu, Mujomba."

"Kidogo yako we, ao kidogo yangu?"

Bon. Hakuacha rulibre. Akatafuta plaketi ya nguvu zaidi. Akavuka barrière ya mupaka, akaenda Goma kwa fundi moja mwenye alikuwa anabandika. Kule walikuwa na ile mutindo: plaketi yako ikiisha, hawatupe chuma. Wanachukua kitambaa ya feri ya lori, ile bamba ngumu ya kusugua, wanaikata na msumeno, wanaipiga gundi, wanaitoboa na kutia misumari ya shaba, na plaketi inazaliwa mara ya pili. Nilikuwa pale. Fundi mwenyewe alikuwa mutu wa haki, alisema wazi: "Muzee, hii ni ya kusimamisha tani kumi. Ku gari mudogo, sijue."

Mujomba alisikia "tani kumi". "Sijue" ilipita juu ya kichwa yake, ikaenda kuanguka mu ziwa.

Wiki za kwanza, sawa. Kisha feri ikaanza kulia, sauti ya kisu ku jiwe, mbuzi zilikuwa zinahama barabara tukiwa bado mbali. Mujomba akasema ni vumbi. Kisha pedali ikaanza kutetemeka. Nakanyaga, nayo inanisukuma muguu, tuk-tuk-tuk, na usukani inatikisika mpaka mabega. Mama moja wa mashu akaniuliza kutoka nyuma, "Chauffeur, gari yako inacheza ndombolo?" Nikamuambia, "Mama, hiyo ni bule, usilipie." Watu wakacheka. Mi sikucheka, juu mi njo nilijua ni nini.

Nilitosha pine siku moja ya Mungu, Jumapili, mu lupango, kiwanja ya nyumba ya mujomba, na yeye amevaa nguo ya misa. Nikamuita. Disiki muzima iko laini, unaweza kujiona sura. Yetu ilikuwa na mifereji sawa shamba ya viazi, na ku pembeni kabisa, pale plaketi haifikie, kulibaki ukingo umesimama. Huo ukingo njo ulikuwa unaonyesha unene ya zamani. Ndani yake chuma yote ilikuwa imekwenda. Na mu katikati kulikuwa rangi ya buluu, ile ya chuma yenye ilipikwa.

"Mujomba, tia kidole hapa."

Akatia.

"Unasikia ile ngazi?"

"Nasikia."

"Ile ngazi njo mwaka yako muzima. Plaketi haziishi juu zinakula disiki. Zile ni meno ya lori, disiki ni mukate."

Akapangusa kidole na kitambaa, akainama akaangalia plaketi. Si disiki. Plaketi! Akatabasamu sawa ameona mujukuu.

"Yewe, angalia vile ziko nene."

"Mujomba, disiki..."

"Disiki ni chuma, sha. Hiyo ni mikwaruzo ya kazi. Ata mikono ya mulimaji iko vile. Rudisha pine, nachelewa misa."

Kama ni hivyo tu, ningeacha. Gari ni yake, mulima ni wa Mungu, mi nitakufa siku yangu. Lakini binti ya mujomba alikuwa anaolewa. Misa ilikuwa ku katedrali ya Nyundo, Siku ya Posho, njo Jumamosi, na sherehe chini mujini. Na gari ya bibi harusi ilikuwa yetu. Mujomba alishaagiza maua ya kufunga mbele. Donc: mi ku usukani, bibi harusi na bwana yake nyuma na shahidi mumoja, mujomba mbele pembeni yangu na ile mukono yake ya kuzima moteri, na chini yetu mulima yote. Nilikuwa nahesabu siku sawa mutu mwenye wamemuambia tarehe ya kunyongwa.

Huyu binti ni mubyara yangu, na kwetu mubyara unamutania mpaka muchoke, hakuna wa kukataza. Nikamukuta nyuma ya nyumba, ametia bigudi mu nywele, anachambua maharagi.

"Mubyara," nikasema, "ile robe yako ya harusi ina mukia?"

"Iko na mukia mita mbili. Wivu?"

"Hapana. Nauliza juu tutaihitaji. Tukifika ku mulima utaitupa nje ya dirisha, labda ipate upepo itusimamishe."

Akacheka. Kisha akaona mi sicheki sana. Akaacha maharagi.

"Sema vizuri. Gari itasimama ao haitasimama?"

"Leo inasimama. Na watu tano na mulima muzima bila moteri, sijue."

"Umemuambia Papa?"

"Nimemuambia mpaka meno imechoka. Ananionyesha plaketi."

Akasimama vile vile na bigudi, akaenda ku duka. Mi nikafuata kwa nyuma, sikutaka kukosa ile. Mujomba alikuwa na muteja, ameshamuwekea plaketi mu mukono.

"Papa," akasema, "kesho munaenda Mahoko kuchukua viazi za harusi?"

"Njo hivyo."

"Bon. Muweke magunia nyuma, yafike uzito yetu sisi wote. Mushuke Nyundo vile mutashuka Siku ya Posho, we mbele, yeye ku usukani. Ukirudi unishikie mukono, uniambie: mutoto yangu, panda. Ukiniambia, napanda."

Muteja akarudisha plaketi pole pole juu ya meza. Mujomba alikohoa. Mbele ya muteja angesema nini?

"Ata mara kumi," akasema.

Kesho yake tukapakia. Magunia mbili mu kofre, ile buti, mpaka gari ikakaa sawa bata, na mbili ku kiti ya nyuma. Tukatoka Mahoko pole pole. Mi niliamka na mupango: nitatia vitesi ya pili ku kichwa ya mulima, na nitaiacha pale, na mujomba apige kelele vile anataka. Tulipita Nyundo, nikatia ya pili, moteri ikaanza kuguna, muzuri kabisa. Mujomba akasikia ile kuguna sawa mutu mwenye anasikia mwizi mu duka yake.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni moteri, Mujomba. Inatushikilia."

"Mutoto yangu alisema tushuke vile tunashukaga."

"Alisema vile tutashuka Siku ya Posho!"

"Na Siku ya Posho tutashuka namna gani?" Akajijibu yeye mwenyewe na mukono. Kriik. Kisha akapiga ile fimbo ya vitesi na kiganja, ikatoka. Kimya. Upepo. Hakukuwa ata kuku.

"Mujomba, rudisha ufunguo."

"Shuka."

"Mujomba!"

"Mulima inakupa bule, we unakataa? Shuka, sha."

Kitu mutu hajue mpaka imufikie: moteri ikizimika, feri inakuwa ngumu. Mara mbili za kwanza inakubali, ya tatu ni sawa unakanyaga ukuta. Mi nikasimama juu ya ile pedali na miguu mbili karibu. Ikatetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Harufu ikaingia, ile ya chuma ya moto na kitu sawa nywele imeungua, na moshi kidogo upande ya mujomba. Gari ilikuwa inapunguza, kweli ilikuwa inapunguza, nikaanza kusema asante Mungu. Halafu upande ya kuume ikalia ka! sawa chungu imeanguka ku simenti, na pedali ikaenda mpaka chini, laini, sawa nyumba yenye hakuna mutu ndani.

Mukono yangu ikafika ku ufunguo mbele ya akili. Nikazungusha, nikatia ya pili kwa nguvu, nikaachia, moteri ikalia sawa nguruwe, gari ikainamisha pua. Nikavuta feri ya mukono mpaka karibu kuing'oa. Mbele kulikuwa wamama watatu na majembe. Waliruka mu mutaro, mumoja akapiga kelele "Yezu we!", na mi nikasukuma ubavu ya gari ku ukingo ya udongo, upande ya mujomba, makusudi kabisa, na tukaenda tunajikwaruza, tunajikwaruza, mpaka tukasimama.

Gunia moja lilikuwa limepasuka. Viazi vilikuwa vinapita kati yetu kimoja kimoja, vinaenda kulala ku miguu ya mujomba. Udongo ulikuwa umeingia ku dirisha yake mpaka ku shati. Wamama wakatoka mu mutaro. Mumoja akakuja akachungulia, akaona tuko wazima, akakasirika.

"Munashuka bila moteri, sindiyo? Nyinyi watu wa taksi! Essence muna huruma nayo, sisi hapana!"

"Samahani, mama," nikasema. Mujomba alikuwa anaokota viazi.

Nikanyanyua gari na krike, nikatosha pine ya kuume. Disiki ilikuwa imepasuka kutoka pembeni mpaka katikati, na kipande kingine kimekatika kabisa, kimejibana kule ndani. Pale ilipokatika uliona unene yake: ngozi ya mukate. Nikatosha plaketi na tambala, juu zilikuwa zinachoma, nikaziweka juu ya majani. Mujomba akakuja akachuchumaa. Akaziangalia muda murefu. Akaigeuza moja na kijiti.

"Unaona?" akaniambia, na sauti ilikuwa ya taratibu, ya kunifundisha. "Plaketi hazina kosa."

Mi nilienda kukaa upande ingine ya barabara. Nilikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa ya dhambi.

Munafikiri iliishia pale? Wapi! Tulivutwa na lori mpaka nyumbani, na ku jioni mujomba anasema atanunua disiki. Moja.

"Mbili," nikasema.

"Iliyopasuka ni ngapi?"

"Moja. Lakini ya kushoto imekula mwaka ile ile, chakula ile ile. Ukitia mupya huku na kuukuu kule, ukikanyaga feri gari itavuta upande moja. Itatupeleka mu mutaro na maua yetu."

"Ya kushoto haijafanya kosa lolote, na we unaihukumu."

Nikaita mubyara. Mubyara akasema neno moja: "Mbili." Mujomba akavuka barrière asubuhi mapema, na mi pamoja naye, akarudi na disiki mbili. Zilikuwa za gari lingine lililokufa, lakini nene, laini, hazina ngazi. Mi nikazipima na kidole huku na huku, nikatamani kuzibusu. Alinunua na plaketi za karito pia, juu nilikuwa nyuma yake pale dukani. Nikakaa mu lupango, nikafungua upande zote mbili, nikasugua mafuta yote ku disiki na sabuni, juu mafuta kidogo tu na feri inateleza.

Nageuka kuchukua plaketi za karito, sizione. Mu mahali yake, juu ya gazeti, zimepangwa vizuri, zimepanguswa, ziko zile ine za lori.

"Mujomba, za karito ziko wapi?"

"Nimeziweka mu kabati. Za siku ingine. Hizi bado nene, tumalize kwanza hizi."

Nikajaribu kusema, sauti ikakwaruza. Ilitoka kitu sawa ile feri yake. Nikasema, "Mujomba... disiki mupya... meno yale yale..." Nikaonyesha na mikono. Nilikuwa karibu kulia, mi mwanaume wa miaka makumi mbili na mbili, na mafuta mpaka ku pua.

Mubyara alikuwa ametoka kuoga, kitambaa ku kichwa. Alisimama akatuangalia sisi wawili. Akainama, akachukua zile plaketi ine zote juu ya gazeti, akaenda nyuma ya nyumba bila haraka. Tukasikia mulango ya choo inafunguka. Kisha tukasikia zinaanguka mu shimo. Moja. Mbili. Tatu. Mujomba alikuwa amenyanyua kidole, sawa mutu anangojea ya ine ikose. Haikukosa.

Akarudi, akapangusa mikono. "Papa, ufunguo ya kabati."

Mujomba akatosha. Akapita kando yangu akasema pole, kwa nafsi yake, "Ile ya kushoto ya ndani ilikuwa kabisa mupya."

Nikafunga za karito. Nikatembeza gari ku barabara ya tambarare mpaka giza inaingia, nakanyaga pole, naachia, nakanyaga, naachia, juu plaketi na disiki mupya zinapaswa kuzoeana kwanza, sawa watu wa ndoa. Mujomba alisimama ku mulango ya duka akihesabu mara ngapi napita na essence yake.

Siku ya Posho nilingojea inje ya katedrali na gari yangu ya maua, mi Muislamu upande ya baba, nikala mandazi. Walipotoka, mubyara alimukamata baba yake ku mukono, akamupeleka ku basi ya wana-korali, ile kwaya ya misa, akamufungia mulango. Akapanda nyuma na bwana yake na shahidi. Nikashuka na ya pili kutoka juu mpaka chini. Basi ya korali ikatupita, mujomba ku dirisha, uso karibu na kioo, ananionyesha na kidole ufunguo, ufunguo.

Karibu na nyumba za kwanza mbuzi ikaingia barabara. Nikakanyaga. Gari ikasimama. Hakuna kelele, hakuna kutetemeka, sawa mutu amekaa ku kiti.

Mubyara alikuwa anarudisha voile yake ku kichwa vizuri. "Mbona umesimama?"

"Mbuzi."

"Aa," akasema, akaendelea na voile.

Njo hiyo tu. Yule bwana yake ata hakuinua kichwa. Nilingojea kidogo, labda mutu aseme kitu, kisha mbuzi ikatoka, nikatia ya kwanza.